Hakimu na Sauti za Nje

Tarehe 30 Desemba 2018 nilikuwa hapa Butembo na kadi yangu ya kupigia kura mfukoni, bila mahali pa kuitumia. Siku nne kabla, Tume ya Uchaguzi, CENI, ilikuwa imeahirisha kura ya Beni, Butembo na Yumbi hadi Machi, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Kule Beni raia walijipangia vituo vyao wakapiga kura ya mfano. Maaskofu, waliokuwa na waangalizi wapatao 40,000, walisema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na waliyoyakusanya. Hata hivyo, usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 2019, Mahakama ya Katiba ilitupa shauri la Martin Fayulu na kumthibitisha Félix Tshisekedi. Sisi tulikuwa tungali tunaingoja Machi.

Tangu hapo niliwaambia wanafunzi wangu kwamba majaji wetu huwasikiliza wakubwa kuliko sheria. Nilijiona mwenye haki.

Mei 2021 utawala wa kijeshi ulitangazwa Kivu Kaskazini na Ituri, na kesi za jinai za raia zikapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi. Ibara ya 156 ya Katiba inaruhusu jambo hilo, ila inakataza haki ya rufaa isisimamishwe. Siku hizo kijana mmoja wa kwaya yetu alikamatwa. Ujumbe ukasambaa katika simu ukimwita mshirika wa wauaji. Nami niliutuma kwa walimu wenzangu, bila kuuliza neno. Baada ya majuma kadhaa aliachiliwa bila shtaka. Mama yake alinijia akaniuliza, "Mwalimu, nawe uliutuma?" Nikainamisha kichwa.

Ibara ya 149 inasema mahakama ni huru mbele ya Bunge na Serikali. Lakini Pilato, ambaye habari zake nimezifundisha miaka mingi, alibanwa pande mbili: alimwogopa Kaisari, na aliuogopa umati. Mimi nilimlaumu Kaisari, nami nilikuwa ndani ya umati.

Basi, vijana, mkisikia mtu amekamatwa, ulizeni kwanza: ameshtakiwa kwa kosa gani? Ana wakili? Rufaa yake iko wazi? Kabla ya majibu hayo, msitume kitu.

Kijana yule hajarudi kwaya. Jumapili hii nakwenda kwao kumwomba msamaha.