Ringi Mbili, Upatu Mmoja

Leo hakuna pishi wala mtindo mpya wa ushungi. Leo ni baskeli, na khasa magurudumu yake, maana yametuweka mwezi mzima tunabishana. Pesa iliyokuwepo ilikuwa ya upatu, na zamu yetu ya kupokea haitarudi mpaka mwakani.

Sisi ni mawifi. Kaka wa mmoja wetu ndiye mume wa mwengine, naye yuko Maskati kikazi. Baskeli ni moja, ya mbio, mtumba iliyoshuka na kontena, tuliyoinunua kwa kuchangiana. Mmoja wetu anakwenda nayo kazini Tunguu siku tatu kwa wiki, na nauli anayookoa ndiyo inayolipa zamu ya upatu. Mwengine anaipanda Jumamosi alfajiri na jioni mbili tatu, tangu daktari alipomwambia sukari yake imefika mpakani. Nguzo ya kiti ina alama mbili za utepe, nyekundu ya mrefu na nyeupe ya mfupi. Kuhusu mavazi tulishaandika: suruali pana, kanzu ya magotini, na mguu wa kulia unafungwa kwa mpira usije ukaliwa na mnyororo.

Basi, siku ya Jumanne, karibu na Jumbi, spoki ya nyuma ilikatika. Tak! Gurudumu likaanza kuyumba na kusugua breki. Ilikuwa ya tatu katika miezi miwili. Aliyekuwa juu yake aliikokota mpaka kituoni, akapandisha baskeli juu ya daladala, akafika kazini kachelewa, na mikono myeusi kama ametoka kuuza mkaa.

Jioni tuliipeleka kwa fundi wetu, mzee wa makamo anayefanya kazi chini ya mwembe. Tulimwamkia, akaitikia, akalizungusha gurudumu mara moja tu, kisha akachukua tochi.

"Wanangu, spoki mnazilaumu bure," alisema. "Tazameni hapa."

Kando ya tundu la spoki, kwenye ringi, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Na hapo pengine. Matundu manne yalikuwa hivyo. Akaenda kwenye gurudumu la mbele, akaweka ukingo wa rula ya chuma pale breki inapobana. Rula iligusa juu na chini, katikati pakapita mwanga. Ukuta wa ringi ulikuwa umeliwa na breki mpaka umeingia ndani kama sahani. Mchanga wetu huu unaobaki kwenye mipira ya breki ni msasa kabisa. Alituambia ringi ya namna hiyo ikijazwa upepo sana inaweza kupasuka ukuta huku mtu yumo mbioni. Tulitazamana. Wiki iliyopita yake tulikuwa tumeshuka nayo kwa kasi mteremko wa Masingini tunacheka.

Kwa hiyo jambo halikuwa tena urembo. Lakini mkononi tulikuwa na shilingi 450,000 za upatu, na ukishajua unanunua magurudumu, shetani naye anakuja na yake. Mmoja wetu, hatumtaji, alianza kukesha na simu akitazama magurudumu ya kaboni, meusi, ringi nene ya milimita 50, yanayovuma yakipita. Akampata muuzaji wa mtumba mwenye jozi moja. Alitaka 900,000, akashuka mpaka 700,000, akasema weka nusu, nyengine utamaliza polepole. "Zinaingia baskeli yoyote ya mbio, dada," alisema.

Mwengine alisema twende na futi ya cherehani.

Tulikwenda nayo kweli, ile ya kupimia viuno vya wateja. Baskeli yetu, nyuma, nafasi baina ya masikio ya fremu ni milimita 130, na gurudumu linashikwa na kikomeo cha kufunga kwa mkono. Gurudumu la yule bwana lilikuwa la milimita 142, la ekseli nene ya milimita 12 inayopenya moja kwa moja. Halingii hata ukiliombea dua. Tena lilikuwa la breki za diski, ukuta wake wa ringi haukutengenezwa kubanwa na breki kama zetu. Yaani tungelipa 700,000, nusu yake deni, tukarudi nyumbani na mapambo ya ukutani. Hatusemi alitaka kutudhulumu. Labda naye hakujua. Lakini pesa ingekuwa imekwenda.

Mashoga, mkishika jambo moja katika makala haya, shikeni futi. Kabla ya bei, kabla ya rangi, pima upana wa nyuma, tazama ni kikomeo au ekseli nene, tazama breki ni ya ringi au ya diski, hesabu vyano vya gia nyuma. Sisi tuna 9. Friwili ya Shimano ya barabarani iliyotengenezwa kwa gia 11 inapokea kaseti ya 9 ukiweka pete nyembamba ya milimita 1.85 nyuma yake, lakini friwili ya kampuni nyengine yaweza kuwa na meno tofauti kabisa na kaseti yako isikae. Na soma namba iliyoandikwa kwenye mpira wa nje: baskeli za mbio nyingi ni 622, ila zile kongwe za inchi 27 ni 630, na hizo milimita nane zinatosha kukukosesha kila kitu.

Bado mpenda kaboni hakukata tamaa. Hoja yake ilikuwa uzito. Tukakaa na kikokotozi, mama akiwa pembeni anachambua mchele na kutusikiliza. Jozi nyepesi ya kaboni ingetupunguzia kama gramu 400 tukilinganisha na magurudumu ya alumini ya kawaida. Mmoja wetu na baskeli yake ni kilo 84 akiwa amepanda. Gramu 400 katika kilo 84 haifiki hata nusu ya asilimia moja. Chupa ya maji ya nusu lita ina uzito kuliko huo.

"Basi mpunguze chapati mbili," alisema mama, bila kuinua uso.

Hoja ya pili ilikuwa upepo, kwamba ringi nene inakata hewa. Ni kweli, inakata, kwa mtu anayekwenda kasi kwelikweli kwa muda mrefu. Sisi tukiwa na haraka tunakwenda kilomita 22 kwa saa, na kuna matuta ya barabarani, na kuna ng'ombe. Halafu kuna kusi. Anayeijua njia ya Paje kwenda Bwejuu mwezi wa saba anajua upepo unavyompiga mtu ubavuni, na ringi nene ya mbele inashika upepo huo kama tanga la ngalawa, usukani unakuvutwa mkononi. Mwenye sukari mpakani alisema yeye anatafuta afya, hatafuti kuokotwa mtaroni. Hapo kaboni ikazikwa, na aliyeipenda alinuna siku mbili.

Zikabaki njia mbili. Ya kwanza ni kununua jozi mpya iliyofungwa kiwandani. Tuliitazama Shimano RS100, ya breki za ringi, uzito wake kama kilo 1.9, habu zake za gololi zinazofunguka na kusafishwa. Ni magurudumu mazuri ya mtu mwenye kipato cha wastani na hatuyasemi vibaya. Kaka yetu aliuliza bei huko Maskati, akahesabu na mzigo, ikafika 420,000 mpaka mkononi. Ingebaki 30,000, na mipira yetu ya nje ilikuwa imekwisha, uzi unaonekana. Tena spoki zake ni chache. Gurudumu la spoki chache ikikatika moja linapinda sana, mara nyengine halipiti kwenye breki, na aliye njiani baina ya Tunguu na mjini saa kumi na mbili jioni analijua hilo lina maana gani kwa mwanamke peke yake.

Njia ya pili ilitoka kwa fundi. Alifungua habu zetu kuukuu mbele yetu, za Shimano pia, matundu 32 kila moja. Grisi ilikuwa imegeuka kama lami, lakini alipofuta, njia za gololi ndani zilikuwa zinang'aa, hazina mashimo. "Habu hizi zitawazika," alisema, kisha akaomba radhi kwa neno hilo. Akashauri tununue ringi mbili za alumini za matundu 32, spoki mpya, yeye afunge upya juu ya habu zile zile.

Alitupa masharti ya kuagiza na tukayaandika. Spoki ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hewa yetu ya chumvi inakula kila kitu; hata spoki zinazouzwa zikiwa zinang'aa, nyengine ni chuma cha kupakwa tu na mwaka haumalizi. Vijinati vya kufungia spoki viwe vya shaba, visiwe vya alumini. Vya alumini ni vyepesi, na maduka ya nje yanavisifia, lakini kwenye chumvi vinaganda na spoki, ukitaka kukaza vinavunjika kichwa. Na urefu wa spoki haukisiwi. Tulisubiri kaka atume kipimo cha ndani cha ringi, fundi akapima habu, ndipo tukaagiza. Nyuma, upande wa gia spoki ni fupi kama milimita mbili kuliko upande wa pili, kwa sababu gia zinakula nafasi na spoki za upande huo zinasimama karibu wima. Tuliagiza 64 na nne za akiba.

Kaka yetu alikuja na ringi ndani ya boksi la televisheni, wiki moja kabla ya Ramadhani. Mkewe alitarajia pafyumu. Ilikuwepo, msihofu, ila ilivingirishwa ndani ya fungu la spoki.

Tulimwomba fundi tukae tuone. Alichukua asubuhi nzima kwa gurudumu la nyuma peke yake. Kila spoki ilipita mbili za wenzake, ikapinda chini ya ya tatu. Alipomaliza kukaza alizishika mbili mbili akazibana kwa nguvu kwa viganja, gurudumu likalia kri kri, akakaza tena, akabana tena. Alituambia hiyo ndiyo sababu spoki zake hazikatiki: spoki legevu inalegea na kukazwa kila gurudumu linapozunguka, na chuma kinachochezwa hivyo kinachoka, kinakatikia pale kwenye kiwiko. Kisha akazigonga moja moja kwa msumari na kusikiliza mlio, kama mtu anayepiga kinanda. Gololi 18 za nyuma zilibadilishwa zote, na za mbele pia.

Hesabu ilikuja hivi. Ringi, spoki na vijinati, 270,000. Mipira miwili ya nje na ya ndani, 95,000. Fundi 40,000, na alistahili zaidi. Gololi na grisi 10,000. Vipande vipya vya breki 15,000, maana vile vya zamani vilikuwa na vipande vya alumini vimeng'ang'ania ndani, na tungeviacha vingeanza kula ringi mpya siku ile ile. Ikabaki 20,000, mama akaichukua, hakuulizwa ya nini.

Mipira ndiyo tuliyoihisi zaidi, wallahi. Ile ya zamani ilikuwa ya milimita 23, tumeijaza mpaka inagonga kama jiwe. Tulitaka 28 lakini chini ya breki haikupita, ikabidi 25. Mzito wetu anajaza pauni 90 nyuma, mwepesi 75, na barabara ya matuta ya Jozani imekuwa kama imetandikwa zulia.

Baada ya kilomita mia za mwanzo tulirudi chini ya mwembe, akakaza spoki tatu zilizotulia, basi. Sasa ni mwezi wa nane. Hakuna spoki iliyokatika. Kila mwezi tunaweka rula kwenye ringi na kutazama mwanga, na baada ya mvua tunafuta breki kwa kitambaa. Ugomvi uliobaki ni wa pampu: mzito akishuka hapunguzi upepo, na mwepesi anaanza safari yake ya Jumamosi akirushwa kama mahindi kwenye sufuria. Mwandishi wa sentensi hii ni mwepesi. Mzito amesoma, amesema ni uongo, na amekataa isifutwe.