Siku Niliyofundisha Watoto Kuchora Barafu

Wiki hii ni zamu yangu ya kuandika, na mnivumilie kidogo, maana mimi ni mtu wa penseli kuliko mtu wa maneno.

Wengi mnanijua. Nilivuka mpaka Januari 2025, vita vilipofika Goma, na tangu hapo niko hapa Gisenyi kwa shangazi yangu. Kila Jumamosi saa tisa mchana nafundisha watoto kuchora kwenye baraza ya nyumba anayopanga. Wengi wao walivuka kama sisi, wengine ni watoto wa majirani Wanyarwanda. Hakuna ada. Karatasi ni zile zilizotumika upande mmoja, penseli ni za shule, na zikiisha tunachukua makaa kwenye babula ya shangazi.

Siku moja alitutembelea mgeni kutoka shirika moja. Mtu mzuri, sina ubaya naye. Aliwaomba watoto wachore safari yao, yaani walivyotoka nyumbani mpaka wakafika hapa. Watoto wakachora bunduki, gari la askari, nyumba inawaka. Mgeni alipiga picha, akashukuru, akaenda. Jioni nikamuuliza kijana mmoja wa miaka tisa, “Wewe ulivuka mapema na mama yako kwa mguu, hukuona nyumba ikiwaka. Juu ya nini umechora moto?” Akanijibu bila haya: “Mwalimu, bageni banapenda moto.”

Lile neno lilinikaa. Jumamosi iliyofuata nikawauliza: nyinyi wenyewe mnataka kuchora nini? Wakapiga kelele pamoja: aiskrimu! Si ajabu. Wakitembea kando ya ziwa siku za mapumziko wanaona familia zinalamba koni, na wao wanapita tu. “Lakini ikuwe kama ya kweli,” akasema binti mmoja mdogo, “ile mutu anaweza kushika.”

Basi hapo nikafanya kosa langu. Nilitaka wachore kitu wanachokiona kwa macho, kama wanavyofanya wanafunzi wa shule za sanaa. Nikawaza hata shule ya sanaa ya Nyundo, ambayo iko hapa hapa wilayani Rubavu tangu 1952; kila nikipita njia ile natamani. Nikachukua faranga 1,500 zangu, nikanunua koni moja, nikakimbia nayo juani mpaka nyumbani, nikaisimamisha ndani ya kikombe juu ya kiti, mbele ya watoto 14. Nikasema, “Haya, tazameni vizuri. Mwanga unatoka wapi? Kivuli kiko wapi?”

Hakuna aliyeshika penseli. Walitazama tu. Kimya kama kanisani. Halafu mdogo wao akauliza polepole, “Mwalimu, hii iko ya nani?”

Sikuwa na jibu. Ningeigawa kwa 14 vipi? Aiskrimu ikaanza kushuka pembeni, tone moja, tone la pili, kiti kikalowa. “Mwalimu, iko nayeyuka!” Mtoto mmoja akaanza kulia. Mwishoni shangazi alitoka na kijiko, kila mmoja akapata kama ncha ya kijiko, wa mwisho wakapata maziwa ya vuguvugu. Usiku sikulala vizuri. Mimi niliyemcheka mgeni kwa moto wake, nimewafanyia watoto jambo gani? Nimewawekea hamu yao juu ya kiti na kuiita somo.

Shangazi ndiye aliyenionyesha njia. Jirani yetu mama mmoja ana friza, anauza barafu ya marakuja. Kule Goma tulizoea barafu ya kwenye mfuko mdogo, unang'ata kona na kufyonza. Hapa Rwanda mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2008, kwa hiyo mama huyu anagandisha juisi kwenye vikombe vidogo, anasimamisha kijiti katikati, na vikombe lazima virudi, vyote, amevihesabu. Kimoja ni faranga 100. Fanya hesabu: vikombe 14 ni faranga 1,400. Kulisha wote kulikuwa rahisi kuliko kuwatamanisha wote.

Jumamosi hiyo tulikula kwanza. Sheria ilikuwa moja tu: kabla ya kulamba, zungusha kikombe mikononi mpaka barafu iachie, itoe, iinue kuelekea jua, itazame huku ukihesabu mpaka kumi. Hapo ndipo somo lilipoanza, na naliandika hapa kwa wale wanaofundisha watoto, maana linafanya kazi.

Kwanza, umbo. Barafu ya kikombe ni rahisi: juu mviringo uliolala kama yai, chini mviringo mdogo zaidi, pembeni mistari miwili inayokaribiana. Chora kwa mkono mwepesi, usikandamize, maana mstari mzito unafanya kitu kionekane kama kibandiko.

Pili, mwanga. Kwenye pembe ya karatasi kila mtoto anaweka alama ndogo ya jua, ili asisahau mwanga unatoka upande gani. Bila alama hiyo, watoto wanaweka kivuli kila upande na barafu inakuwa kama jiwe lenye madoa.

Tatu, ngazi za weusi. Pembeni ya karatasi tunachora visanduku vitano: cha kwanza tunakiacha cheupe, cha mwisho tunakijaza mpaka kimekuwa cheusi kabisa, na vitatu vya katikati vinapanda taratibu. Mtoto akimaliza mchoro, anatafuta: je, ngazi zote tano zimo? Mara nyingi ya kwanza na ya mwisho hazimo. Watoto wanaogopa kuacha nyeupe, wanadhani hawajamaliza kazi. Na wanaogopa nyeusi, wanadhani wanachafua. Lakini pale barafu inapong'aa hakuna penseli inayoweza kupachora. Unapaacha tu, karatasi yenyewe ndiyo mwanga.

Nne, hili ndilo lililonishangaza hata mimi. Jiwe la volkano, lile jeusi tulilozoea Goma, ukiliweka juani linang'aa upande wa jua na kuwa giza upande wa pili. Barafu haifuati hivyo. Mwanga unaingia ndani yake, unapita, na upande wa mbali na jua unawaka kidogo, hasa pembeni. Hata kivuli chake mezani si giza tupu, katikati kina mwanga mdogo wa njano uliopenya. Kwa hiyo ukitaka barafu yako iwe barafu na si jiwe, usiufunge upande wa giza. Uachie mahali pa kupumua.

Tano, matone. Tone linaloteremka lina nukta nyeupe upande wa jua, na chini yake kivuli chembamba kama ukucha. Hicho kivuli kidogo ndicho kinachofanya mtu atake kulipangusa.

Tukasugua kwa kidole, tukafuta kwa vipande vya mkate, kama wachoraji wa zamani walivyofuta makaa. Nusu ya mkate ililiwa, sitawadanganya.

Michoro ya siku ile haikuwa mizuri yote. Kuna iliyofanana na ndoo, kuna iliyofanana na jino. Lakini watoto walibishana kuhusu mwanga kama watu wazima wanavyobishana kuhusu mpira. “Kivuli yako iko upande mubaya!” “Jua lako limelala!” Na hakuna aliyeniuliza barafu ni ya nani, kwa sababu kila mmoja alikuwa na utamu wa marakuja mdomoni mwake na kijiti sikioni.

Nilipopita kukagua, nikafika kwa yule binti aliyetaka barafu ya kushika kwa mkono. Mchoro wake ulikuwa mzuri kuliko yote. Lakini kwenye pembe, pale pa alama ya jua, hakuchora jua. Aliandika kwa herufi kubwa: GOMA. Nikamuuliza, hii nini? Akanitazama kama mtu asiyeelewa kitu wazi. Akanyoosha mkono kuelekea ziwani. “Si mwangaza inatokeaka kule?”

Ni kweli. Baraza yetu inatazama magharibi. Saa tisa mchana jua limeshavuka mpaka, liko juu ya Goma, na vivuli vyetu vyote vinaangukia huku Rwanda. Sikusahihisha kitu. Nikamwambia tu aongeze giza kidogo chini ya kijiti.

Wiki tatu baadaye hakuja. Familia yake ilirudi ng'ambo, kama wengi walivyorudi, wengine kwa kutaka, wengine kwa kukosa kodi ya nyumba. Jumamosi moja nina watoto 14, nyingine nina 9, na siulizi sana. Mchoro wake aliuchukua. Mimi nimebaki na kisanduku chake cha ngazi tano, alichokijaribia kwenye karatasi yangu, na kile cheupe amekizungushia mstari mara mbili ili mtu asije akakijaza kwa bahati mbaya.

Kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa: njooni, mnakaribishwa, Jumamosi saa tisa. Msituulize kwanza tulikimbia nini. Waulizeni watoto wanataka kuchora nini, kisha kaeni chini na penseli, mchore nao. Ya moto, kama yapo, watayaleta wenyewe siku wakiwa tayari.

Na kwa vijana wenzangu mnaotaka kufundisha: usiweke mbele ya mtoto kitu ambacho huwezi kumpa.

Vikombe vyote 14 vilirudi. Mama ameshaniuliza tunavitaka tena lini.