Msamaha wa Siku ya Uhuru

Aliyemuua kaka yangu alihukumiwa kunyongwa hadi kufa. Hakunyongwa. Kitanzi hakijatumika Tanzania tangu miaka ya 1990, kwa hiyo waliohukumiwa hivyo huzeekea ndani. Nasi tulishazoea: yeye gerezani, kaka kaburini, sisi shambani.

Tarehe 9 Desemba 2017, Rais Magufuli akiwa Dodoma alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157. Kati yao 1,828 walitakiwa kutoka siku ileile. Akawasamehe pia watu 61 waliohukumiwa kunyongwa, wakiwamo wazee sana. Hao hawakuzungumzwa. Midomo yote ilikuwa kwa wanamuziki Babu Seya na Papii Kocha, waliofungwa maisha mwaka 2004 kwa kubaka wanafunzi wa shule ya msingi. Uwanja ulishangilia, na watetezi wa haki za watoto walipopinga, sauti yao ilimezwa na muziki.

Mama alizima redio. Siku chache baadaye jirani akatuletea habari kwamba mtu wetu yumo kwenye wale 61. Hakuna barua iliyotangulia, wala mtu aliyetumwa.

Sibishani na ibara ya 45 ya Katiba inayompa Rais mamlaka hayo. Amri za msamaha huwataja wazee wa miaka 70 na kuendelea, na wagonjwa mahututi waliothibitishwa na jopo la waganga. Nakubaliana nazo. Mtu asiyeweza kujifunga kamba za viatu gereza linamlinda nani? Kinachoniuma ni kwamba huruma yetu imefanywa shamrashamra za sikukuu, na waliozika wanaisikia redioni kama watu baki.

Muuaji alirudi. Nyumba yake ilishaanguka, wanawe hawajulikani waliko, mpwa wake akampa chumba cha uani. Serikali ilimfungulia geti, basi. Kumlisha ni juu ya ndugu. Mwenyekiti wa kitongoji akaketi na wazee wa pande zote mbili, wakakubaliana: asipite njia ya makaburi yetu, asije kwenye misiba yetu, maji achotewe kisima cha bondeni. Makubaliano hayo hayajaandikwa popote, lakini ndiyo yaliyotuvusha.

Mchungaji alimbana mama amsamehe. Nilimwomba amwache, na nashukuru alinielewa. Mama hajasamehe, na sioni kwa nini alazimishwe.

Mimi nilikutana na muuaji huyo kwenye benchi la zahanati. Shikamoo ilinitoka kabla sijafikiri.

"Marahaba, mwanangu. Macho yangu hayaoni. Hapa wameandika ngapi?"

Akanipa bahasha ya vidonge. Ilikuwa imeandikwa 1x3.

"Kimoja, kutwa mara tatu, mzee."

"Kabla ya kula?"

"Baada ya kula."

Hakunitambua, nilikuwa mtoto alipokamatwa. Nilitegemea mwili utetemeke, haukutetemeka. Zamu yangu ilipofika nikaingia kwa daktari na kueleza kilichonileta.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwambia kila kiongozi anayekuja kuomba kura: jalada la kesi lina jina la marehemu na la kijiji chetu. Barua moja kwa mtendaji wa kata, wiki moja kabla ya tangazo, ingetosha. Mama angepanda basi kwenda kwa dada yangu Singida, akarudi akiwa tayari.