Ukucha Uliovilia Damu

Katika orodha ya viungo vya mwili tunayowafundisha watoto, kichwa hutangulia, mabega na magoti hufuata, na vidole vya mguu huja mwisho kabisa, kengele ikiwa imekwisha kulia. Ukucha hatuufikii. Sisi wenyewe tulifundisha hivyo kwa miaka mingi, kwanza Muyinga na baadaye Buraza, kusini ya mji wa Gitega, wala hatukuona upungufu wowote, mpaka siku tulipomwumiza mtoto kwa ajili ya neno hilo moja.

Muyinga Kiswahili husikika sokoni na katika baraza za mitaa ya Waislamu. Vilimani Buraza mambo ni mengine: mtoto huzungumza Kirundi nyumbani na njiani, na Kiswahili hukikuta darasani tu. Kwa hiyo tuliweka sheria, nayo tuliiona njema sana: katika kipindi chetu asisikiwe mtu akisema Kirundi.

Tulikuwa na mwanafunzi mmoja, mkimbiaji hodari, ambaye wenzake walimwita Niyongabo kwa kumkumbuka Vénuste Niyongabo, aliyeipatia Burundi nishani ya dhahabu katika mbio za mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996. Mtoto huyu tangu kuzaliwa alikuwa akienda pekupeku au kwa kandambili. Mashindano ya shule yalipokaribia, alipewa raba na binamu yake, nzuri kwa macho lakini ndogo kidogo. Kila alfajiri alikimbia nazo, akipanda na kuteremka, kwani huko barabara iliyo tambarare ni adimu. Baada ya majuma mawili akaja akichechemea, akaificha miguu chini ya dawati.

Tulimwamuru aitoe. Kucha mbili, ya kidole gumba na ya kidole kinachofuata, zilikuwa nyeusi. Nasi, kama mtu yeyote aliyekulia katika nchi hii, doa jeusi la ukuchani tulilijulia jina moja tu: funza. Tukaagiza pini, tukaipitisha motoni, tukamketisha mlangoni mbele ya darasa zima, tukaanza kuchokoa. Watoto walicheka, maana funza huhesabiwa kuwa ni uchafu wa mtu na wa nyumba yake. Mtoto alilia bila sauti, akasema kwa Kiswahili chote alichokuwa nacho: “Kiatu, mwalimu. Kiatu.” Tulidhani anataka kupewa kiatu chake, tukamwambia angoje. Funza hatukumwona, ilitoka damu nzito, nyeusi. Ndipo msichana mmoja alipovunja sheria yetu, akaeleza kwa Kirundi habari ya raba za binamu. Tulisimama na pini mkononi.

Muuguzi tuliyempelekea mtoto alitukaripia kwa adabu, kisha akatufundisha. Mkimbiaji anaposhuka mteremko, mguu husogea mbele ndani ya kiatu, na vidole hugonga ncha yake kwa kila hatua, mara maelfu. Isitoshe, mguu huvimba katika safari ndefu, na kiatu kilichoutosha asubuhi huwa kimeubana kufikia adhuhuri. Vishipa vidogo vilivyo chini ya ukucha hupasuka, damu hukosa pa kutokea, nayo hugeuka nyekundu iliyoiva, kisha nyeusi. Huo si ugonjwa wa kuambukiza, wala si uchafu.

Kama maumivu ni madogo, ukucha huachwa kama ulivyo. Kama unapwita na kumnyima mtu usingizi, mganga anaweza kuutoboa kwa chombo safi katika siku ya kwanza au ya pili, damu ikatoka na maumivu yakapungua. Lakini hiyo ni kazi ya zahanati, si ya mlango wa darasa. Ukucha haung'olewi. Ukilegea wenyewe, sehemu iliyolegea hukatwa, na kidole huoshwa na kufunikwa. Mwenye kisukari asingoje, na apelekwe mapema. Ukucha mpya huota polepole mno, yapata milimita moja na nusu kwa mwezi, hata ule wa kidole gumba huchukua mwaka mmoja au mwaka na nusu kurudi mzima.

Tuliuliza pia habari ya kinga. Tuliambiwa kiatu kinunuliwe jioni, mguu ukiwa umetanuka, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kamba zikazwe juu ya mguu ili kisigino kisichomoke wakati wa kuteremka. Kucha zikatwe fupi na kwa mstari ulionyooka.

Lipo jambo moja ambalo muuguzi alilirudia mara mbili. Damu iliyovilia husogea mbele pamoja na ukucha unavyokua. Weusi ambao haukuanza na kugongwa, ambao hausogei bali unapanuka, au unaovuka na kuingia katika ngozi iliyo kando ya ukucha, upelekwe kwa daktari bila kukawia. Michirizi ya rangi huonekana kuchani mwa wengi wetu weusi bila madhara yoyote, lakini mara chache ni saratani ya ngozi. Bob Marley alionekana na saratani ya namna hiyo katika kidole cha mguu mwaka 1977, na hapo kwanza ilidhaniwa kuwa jeraha la kandanda. Alifariki mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Turudi kwenye lugha, maana ndiyo kazi yetu. Wanafunzi, tulipowataka waandike tukio lile, wengi waliandika kwamba ukucha “umeoza”, na mmoja “umekufa”. Hatukuwalaumu, sisi ndio tuliowanyima neno. Kiswahili kinalo, nalo ni kuvilia: damu imevilia chini ya ukucha, au ukucha umevilia damu. Ni neno lile lile litumikalo kwa alama ya fimbo au ya kuanguka, na tunastaajabu jinsi lilivyo adimu vitabuni mwa shule, hali watoto wanalihitaji kila juma. Tangu siku ile tunaanza somo la mwili kutoka miguuni. Na sheria ya Kirundi tuliifuta; mwenye maumivu na aseme kwa lugha iliyo karibu na ulimi wake, Kiswahili tutakitafuta baadaye kwa pamoja. Baadhi ya wenzetu hawakuafiki, nasi hatukuwashawishi.

Mtoto tulimwomba radhi mbele ya darasa, mahali pale pale mlangoni. Aliinamisha kichwa, hakujibu neno. Mbio za mwaka ule hakukimbia. Za mwaka uliofuata alikimbia, pekupeku.