Kuamini Lisiloonekana

Mwanadamu hujisifu kuwa huamini akionacho tu, lakini maisha yake hayaithibitishi sifa hiyo. Hulala usiku kwa kutumaini asubuhi ambayo hajaiona. Hula chakula kilichopikwa na mkono asioukagua. Hupanda gari la moshi akamwachia uhai wake dereva asiyemjua kwa jina wala kwa sura. Huoa au huolewa kwa neno la mtu mwingine, na neno halina rangi wala uzito. Ajichunguzaye vema ataona kwamba aliyoyashuhudia kwa macho yake ni machache sana, na aliyoyapokea kwa kusadiki ni mengi kama majani ya miombo. Basi swali letu si kama tuamini bila kuona au tusiamini. Swali ni nani wa kuaminiwa, na kwa ahadi gani. Nataka kulitazama swali hili katika nchi ya Mpanda na mkoa wote wa Katavi, kwa kuwa ni nchi ninayoijua, na kwa kuwa mambo yaliyopita huko hayaliruhusu swali hili kujibiwa kwa wepesi.

Nchi yenyewe humfundisha mtu kungoja. Tangu mwezi wa Mei hadi Oktoba mbingu hufunga. Majani huwa makavu, moto hupita porini, na Mto Katuma hupungua hata kuwa mlolongo wa madimbwi. Humo viboko hubanana mamia kwa mamia katika matope, na mamba hujificha katika mapango ya kingo. Mgeni apitaye wakati huo angeapa kwamba nchi imekufa. Kisha mvua huja kuelekea mwisho wa mwaka, mbuga za Katavi na Chada hujaa maji, na majani hurudi marefu kama kwamba hayakuondoka kamwe. Wahubiri wetu hupenda kuifananisha ahadi ya Mungu na mvua hiyo, na mfano huo ni mzuri kwa kadiri yake. Lakini mimi nauona haufiki mwisho wa safari. Mkulima atumainiye mvua hutumaini kumbukumbu yake: ameiona ikija mwaka jana, na mwaka juzi, na babu yake aliiona kabla yake. Hilo ni zoea jema, lakini si imani kamili. Imani huanza pale ambapo kumbukumbu haina cha kumwambia mtu, au inamwambia kinyume.

Wala imani katika visivyoonekana haikuletwa Katavi na wageni. Karibu na Ziwa Katavi upo mkwaju unaojulikana sana, ambao watu husema ni makao ya mzimu wa Katabi, mwindaji mashuhuri wa kale. Na jina la hifadhi ya wanyama, na la mkoa wenyewe ulioundwa mwaka 2012, limetokana na jina hilo. Watu huweka sadaka chini ya mti huo wakiomba baraka. Sisemi neno la dharau juu yao. Nataka tu kutofautisha mambo mawili. Atoaye sadaka ili apate mawindo amefanya mapatano. Akitoa na asipewe, ana haki ya kulalamika kama mnunuzi aliyepunjwa. Nasi wa makanisani na misikitini hatujaepukana na biashara hiyo. Ni wangapi miongoni mwetu wawekao nadhiri kama watu waliao sokoni, wakimwambia Mungu, nipe hiki nami nitakupa kile? Upendo usiobadilika hauwezi kununuliwa, kwa sababu kinachonunuliwa hubadilika bei.

Tuseme sasa juu ya kubadilika. Mwaka 1879 Wabelgiji waliotumwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, ambayo mkuu wake alikuwa Mfalme Leopold wa Pili, walijenga ngome Karema, kwenye Ziwa Tanganyika. Aliyewaongoza ni Kapteni Cambier. Walichagua mahali karibu na maji, kama inavyowapasa watu wanaotegemea mitumbwi na merikebu. Lakini wakati ule ule Mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa upande wa magharibi kuelekea Kongo, ulikuwa umeizibua njia yake iliyokuwa imezibwa na majani na mchanga. Ziwa likaanza kushuka, na kabla ya karne hiyo kwisha lilikuwa limeshuka kama mita 10. Maji yakaiacha ngome nyuma, ikabaki juu ya nchi kavu kama mtu aliyekwenda kumlaki rafiki akakuta rafiki amekwisha ondoka. Katika miaka yetu ziwa limepanda tena, na mwaka 2021 lilifunika nyumba na barabara katika pwani zake nyingi. Ziwa hilo ni miongoni mwa maziwa yenye kina kikubwa kupita yote duniani, na ukisimama ufukoni hudhani hakuna kitu kilicho imara kuliko hilo. Kumbe lina safari zake.

Na kazi za watu hupita upesi kuliko maji. Serikali ya Kiingereza ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya machimbo ya risasi. Reli ilifika mwaka 1950, na mgodi ukafungwa mwaka 1960. Miaka 10 tu! Reli ingalipo, na watu wa Mpanda wameitumia kwa mambo ambayo wajenzi wake hawakuyakusudia. Lakini kile kilichoahidiwa kuwa sababu ya mji kilikwisha mapema kuliko utoto wa watoto waliozaliwa siku lilipofika gari la kwanza. Ikiwa ziwa huhama, na madini huacha kuchimbwa, basi kisichobadilika, ikiwa kipo, hakimo katika orodha ya vitu vionekanavyo. Hoja hii haithibitishi kwamba kipo. Inatuambia tu mahali ambapo ni bure kukitafuta.

Hapa ndipo linapokuja jina la Adriano Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, kando ya Mto Niger. Alipokuwa mtoto wa miaka kama saba alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa utumwani. Mwaka 1876 mapadre wa shirika la Kardinali Lavigerie, ambao sisi huwaita Mapadre Weupe, walimkomboa katika Algeria. Akasomeshwa, akabatizwa mwaka 1882, akapelekwa kisiwa cha Malta kujifunza utabibu. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja Tanganyika, na mwaka 1889 akafika Karema, katika ngome ile ile ambayo Wabelgiji walikuwa wamewakabidhi mapadre mwaka 1885. Alioa mwanamke wa huko, akapata mwana ambaye baadaye alikuwa padre. Aliwatibu watu wa Karema na jirani zake, akawafundisha dini, na hakuondoka kwenda kutafuta makao mengine. Alifariki huko huko mwaka 1956. Hesabu, msomaji: alikaa kama miaka 67 mahali pamoja, mtu ambaye utoto wake wote ulikuwa wa kuhamishwa kwa nguvu.

Watu wengi wakisikia habari hii husema upesi, Tazama jinsi Mungu alivyotengeneza mema kwa mabaya. Mtoto asingeuzwa, Karema isingepata tabibu. Mimi siwezi kusema hivyo, na namwomba msomaji naye asiseme. Maneno hayo humfanya Mungu kuwa mshirika wa watekaji. Tena huwa kama kwamba machozi ya mama mmoja kando ya Niger yaliwekwa katika mizani, yakaonekana mepesi kuliko dawa za watu wa Karema. Nani aliyemwuliza mama huyo? Na watoto wengine waliovushwa jangwani pamoja naye, ambao hawakukombolewa, wala hawakusomeshwa, wala majina yao hayakuandikwa, mema yao yako wapi? Hesabu ya namna hii haifungi. Ni hesabu ya mfanyabiashara, na upendo haukai katika daftari lake.

Lakini lipo jambo jingine ninaloweza kulisema bila woga. Mtu huyu alikuwa na sababu ya kutokuamini kubwa kuliko zetu zote sisi tunaosoma na kuandika insha. Aliona kwa macho yake jinsi ahadi za wanadamu zilivyo, jinsi mtoto anavyoweza kutolewa mkononi mwa wazazi wake na kupewa bei. Akaambiwa kwamba upo upendo usiobadilika. Hakuonyeshwa. Akauamini, na namna yake ya kuuamini ilikuwa kukaa. Mgonjwa aliyekuja mwaka 1890 alimkuta, na mjukuu wa mgonjwa huyo aliyekuja mwaka 1950 alimkuta. Wakoloni wa Kijerumani walikuja wakaondoka, Waingereza wakaja, yeye alikuwapo. Yamkini watu wa Karema hawakupata ushahidi mwingine wa upendo usiobadilika uliokuwa wazi kuliko huo. Lisiloonekana lilionekana kidogo katika mtu aliyelisadiki.

Mwanachuoni atanijibu kwamba ahadi za mbinguni zimetumika mara nyingi kuwanyamazisha watu duniani. Neno lake ni kweli, na silipuuzi. Aambiwaye angoje huku chakula chake kinaliwa na mwingine hafundishwi imani, anaibiwa. Lakini tuitazame hoja hiyo papo hapo Katavi. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yalileta maelfu ya wakimbizi Tanzania. Wengi wakawekwa Katumba, na wengine, tangu mwaka 1978, Mishamo. Walipewa ardhi iliyokuwa pori. Wapo waliotumaini kurudi kwao, na wapo waliotumaini kuwa raia wa huku. Wote walikuwa wakingoja jambo lisiloonekana. Walipoulizwa baada ya miaka 35 na zaidi, walio wengi walichagua uraia. Maombi yao yakakubaliwa mwaka 2010, kisha vyeti vikakawia, na ni mwaka 2014 tu ambapo watu zaidi ya 162,000 walianza kupewa vyeti vyao. Aliyekuja akibebwa mgongoni alikuwa na zaidi ya miaka 40.

Je, watu hawa walikaa mikono kifuani wakitazama mbinguni? La. Walifyeka pori, wakalima mahindi na muhogo na tumbaku, wakajenga makanisa na kusomesha watoto. Mtu asiye na hakika ya kesho hapandi mwembe, nao walipanda. Waislamu wana neno jema sana, nalo ni tawakali, na walimu wao hufundisha kwamba mwenye ngamia humfunga kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Imani ya kweli haimlegezi mtu mkono. Wala haimsamehi mwenye kuahidi deni lake: kama muumini anaweza kungoja miaka 40, haikuwa halali kwa wakubwa kumngojesha miaka 40. Subira ni fadhila ya anayengoja. Si udhuru wa anayechelewesha.

Nilikuwa na shangazi, mkazi wa Mpanda, aliyepofuka katika makamo yake. Aliomba arudishiwe macho, na sisi tuliomba pamoja naye. Hakurudishiwa hata alipofariki. Alikuwa akienda kanisani akiongozwa na mjukuu, kila mmoja ameshika ncha yake ya fimbo. Siku moja nilimwuliza, “Shangazi, wajuaje kwamba njia unayopitishwa ni salama?” Akanijibu, “Mwanangu, njia siijui. Namjua aliyeshika fimbo.”

Nimesoma vitabu kadhaa juu ya imani, lakini sijakuta maelezo yaliyonifaa kuliko hayo. Tunapenda kusema kwamba imani ni giza na elimu ni mwanga. Shangazi yangu hakuwa mjinga wa kitu; alikuwa na ujuzi, ila ujuzi wake ulikuwa wa mtu, si wa njia. Alijua mwendo wa mjukuu wake, jinsi avutavyo penye shimo na alegezavyo penye tambarare. Huo haukuwa ubashiri wala zoea la mvua. Na zaidi ya hayo, hakukiri kamwe kwamba sala yake ilikataliwa kwa sababu hakupendwa. Aliomba macho kama mtoto aombavyo kitu kwa babaye, akakosa macho, asiache kumwita baba.

Nadhani kosa letu kubwa ni kumwekea Mungu ahadi ambazo hakuahidi. Tunamdai afya, mali, ushindi, na mvua kwa wakati wake. Tukikosa, twasema amebadilika. Ahadi iliyo kubwa kuliko zote katika dini zetu haikuwa ya kuondolewa mabonde katika njia yetu, bali ya kutoachwa peke yetu bondeni. Ahadi ya namna hiyo haiwezi kukanushwa na kiangazi, wala na mgodi uliofungwa, wala na ziwa lililorudi nyuma. Haiwezi pia kuthibitishwa kwa mambo hayo yanapokuwa mema. Husadikiwa, ama haisadikiwi.

Lakini anayeisadiki hujitwika mzigo. Asemaye kwamba anategemea upendo usiobadilika, naye akabadilika kila upepo uvumapo, huvunja kwa mwenendo alichojenga kwa ulimi. Mgonjwa, mgeni, mkimbizi na mtoto aliyeibwa hawatazami mbinguni kwanza, hututazama sisi. Wakituona tupo kesho kama tulivyokuwapo jana, neno letu lile lile na mlango wetu wazi ule ule, huenda wakaweza kuamini lile wasiloliona. Tusipokuwapo, sijui tutawaambia waliamini kwa ushahidi wa nani.