Ukitaka nyatiti ya kweli, mfuate fundi ziwani

Iwapo utabahatika kuzuru Kisumu, bila shaka jamaa na marafiki watakuagiza samaki. Wengi wetu hurudi na ngege au mbuta kikapuni, basi zima likinuka, tukadhani tumelimaliza Ziwa Victoria. Mimi niliagizwa kitu kingine. Binti yangu wa miaka 11 alitaka nyatiti.

Kwa ambaye hajaiona, nyatiti ni ala ya Wajaluo yenye nyuzi 8. Ina kasha la mbao lililochongwa mfano wa bakuli na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, na mikono miwili iliyounganishwa juu kwa mti uliokingama. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi, akafunga njuga ziitwazo gara mguuni, na kuvaa pete ya chuma, oduong'o, katika kidole gumba cha mguu. Pete hiyo hugonga mbao huku vidole vya mikono vikidonoa nyuzi na mdomo ukiimba. Mtu mmoja, bendi nzima!

Na hata kama hujaiona, umeisikia. Magitaa ya benga yalijifunza kudonoa kutoka kwa nyatiti. Sikiliza rekodi za Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, aliyefariki mwaka wa 2006. Ayub Ogada, aliyeaga dunia mwaka wa 2019, aliivusha bahari. Wimbo wake Kothbiro ulitumiwa katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka wa 2005.

Nakiri kwamba safari hiyo ilitokana na kosa langu. Nyatiti yetu ya kwanza niliinunua katika duka moja la vinyago jijini Nairobi. Ilikuwa imepakwa vanishi ikang'aa kama kiatu cha harusi. Ilipopigwa ilitoa sauti ya debe, na nyuzi zililegea kabla ya wimbo kwisha. Mwalimu wa muziki aliigeuza mara mbili, akanirudishia. "Mama, hii ni ya kutundika ukutani," akasema. Tamasha la muziki la shule lilikuwa limebakisha muhula mmoja tu.

Basi tukasafiri, kilomita 350 hivi. Ukifika Kisumu siku ya Jumapili usikose kupita soko la Kibuye, ambako utapata kila kitu kuanzia mitumba hadi vitanda. Ukiwa na watoto, wapeleke Jumba la Makumbusho, lililofunguliwa mwaka wa 1980, wakaone boma la Kijaluo lilivyopangwa. Lakini tulipomuuliza mwenye kibanda kimoja pale Kibuye kuhusu nyatiti, alitucheka. "Ya kupigwa? Hiyo humfuata mwenyewe kwake."

Tulipanda matatu ya kuelekea Bondo. Pale Kisian barabara inagawanyika. Ya kulia inakwenda Maseno, ya kushoto inaandamana na ziwa hadi nchi ya Seme, yalipo mawe makubwa ya Kit Mikayi yaliyopandana kama yaliyopangwa na mtu. Tuliteremka mbele kidogo ya hapo, tukatembea hadi kwa mzee mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mwembe na tezo mkononi.

Hakuwa na hata nyatiti moja ya kuuza. Yeye huunda ikiagizwa, nusu ya malipo mwanzo na nusu siku ya kuchukua. Zamani, alitueleza, nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi ni nailoni, ile ile ya wavuvi. Daraja la nyuzi ni vipande vya tete vilivyogandishwa juu ya ngozi kwa nta ya nyuki, na hapo ndipo unapotoka ule mvumo wa kukereza unaoitambulisha nyatiti. Yetu ya dukani ilikuwa imegundishwa kwa gundi ya seremala. Mzee aliitazama, akaiweka chini polepole kama anayelaza mgonjwa.

Kisha akauliza, "Nani atakayepiga?"

Nikamwonyesha binti yangu. Mzee akanyamaza. Utakumbuka, msomaji, kwamba kwa mila nyatiti ilikuwa ala ya wanaume. Niliogopa tungerudi Nairobi mikono mitupu, na mtoto naye alikuwa ameanza kuyatazama makubadhi yake.

"Kuna binti wa Kijapani aliyekuja kujifunza huko Siaya," mzee akasema hatimaye. "Walimpa jina la Anyango." Alikuwa akimzungumzia Eriko Mukoyama, ambaye ametajwa kote kuwa mwanamke wa kwanza mpigaji wa nyatiti. "Kama wa Japani amepiga, wa hapa nitamnyima kwa nini? Nyara, lete mkono nipime."

Alimpima kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole kwa kijiti, akakikata kijiti hicho na kukichomeka kwenye paa la ghala. Tulirudi baada ya wiki tano. Nyatiti haikuwa na vanishi wala urembo, na upande mmoja ulionyesha alama za tezo. Alipoidonoa, kuku walitawanyika.

Hakutuacha twende mara moja. Alimfanya mtoto akate uzi mzima mzima na kuufunga upya, mara tatu, kwa kuwa wanawe wamekwenda kuendesha bodaboda na hakuna aliyeishika tezo. "Mimi siko Nairobi," akasema. Akatufungia donge la nta kwa karatasi.

Ukiwa na yako, usiiache penye unyevu, ngozi hulegea. Julai hiyo, kwa baridi ya Nairobi, ilitubidi kuianika juani kila asubuhi kama nguo za mtoto mchanga.

Siku 4 kabla ya tamasha uzi ulikatika. Binti yangu aliufunga mwingine mwenyewe, lakini sauti haikukubali. Tulimpigia mzee simu, tukaiweka karibu na ngozi, mtoto akadonoa wote 8 mmoja baada ya mwingine.

"Wa tatu," sauti ikasema kutoka Seme. "Kaza kidogo. Bado. Bado. Basi."