Kudekeza, kutoka Copenhagen hadi Mbezi

Copenhagen kulikuwa na baridi ya kukata masikio, na nje ya mkahawa vigari vya watoto vimeegeshwa ukutani, watoto wamo ndani, wamelala fofofo. Mama zao wako upande wa pili wa kioo wanakunywa kahawa. Shangazi yangu angeviona, angeingiza watoto wote ndani kisha agombeze mkahawa mzima. Wadenmark wanaamini hewa ya nje humjenga mtoto, basi.

Mwaka 1997 mama mmoja wa Kidenmark alifanya hivyohivyo nje ya mgahawa jijini New York. Alikamatwa, na mtoto akachukuliwa na serikali kwa siku kadhaa. Huko Marekani hofu ilifika mbali hata mwaka 2018 jimbo la Utah likatunga sheria ya kutamka kwamba mzazi anayemwacha mtoto wake aende shule kwa miguu, au acheze nje bila mtu mzima, hajamtelekeza. Sheria ya kuruhusu kutembea!

Tokyo ndiko nilikokaa nikitazama zaidi. Wanafunzi wa darasa la kwanza, kofia za njano kichwani, mabegi makubwa kuliko migongo yao, wanakwenda shule bila mzazi. Nilidhani ni ujasiri wa watoto. Kumbe vivukoni wamesimama wazee wa mtaa wenye vibendera, wanaojitolea, na madukani pamebandikwa alama yenye 110, namba ya polisi: mtoto akitishwa na mtu, akimbilie humo. Mtoto wa Tokyo yuko peke yake, lakini mtaa mzima unamwona.

Dar es Salaam tunao watoto wa aina mbili katika mtaa mmoja. Kwetu Mbezi, alfajiri bado giza, basi la shule linapiga honi na mtoto anatolewa ndani akiwa begani kwa dada wa kazi, anakabidhiwa kwa matroni. Mwenzake wa rika lake, wa nyumba ya jirani, yuko kituoni anagombania daladala, na konda anamzuia mlangoni kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Yule wa kwanza majirani wanasema amedekezwa. Mimi nasita, maana Barabara ya Morogoro naijua.

Nilimuuliza mama yake kwa nini asimwache atembee na wenzake.

“Nioneshe kivuko,” akasema, “na huyo mtu wa kukisimamia.”